Baiskeli si hatari, hatari ni kutoonekana

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda vizuri, wanaume wengi na wanawake wachache hutoka katika mitaa kama vile Kayole, Umoja na Donholm wakiwa wamepanda baiskeli, wakielekea Eneo la Viwandani na katikati mwa jiji la Nairobi. Baadhi yao wamefunga chakula cha mchana kwenye karia kwa kipande cha mpira wa tyubu kuukuu. Wengine wanaendesha zile baiskeli nzito nyeusi ambazo Wakenya tangu zamani huziita Black Mamba. Hawa ni watu waliopiga hesabu wakaona kwamba nauli ya kwenda na kurudi, ikijumlishwa mwisho wa mwezi, ni karo ya mtoto, ni unga, au ni sehemu ya kodi ya nyumba.

Hata hivyo, nyumbani kuna mtu mwenye hesabu nyingine. Huyu ni mke, mama au mtoto ambaye saa moja ya usiku ikipita bila mlango kubishwa, huanza kutazama saa na kujiuliza maswali. Anajua barabara za jiji hili zilivyo. Anajua matatu zinavyokimbizana na malori yanavyopinda kona. Kwa hivyo swali ambalo familia nyingi hujiuliza ni hili: Je, inawezekana mtu kwenda kazini kwa baiskeli kila siku katika jiji kama hili na kurudi nyumbani salama?

Jibu ni kwamba inawezekana, lakini si kwa bahati. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani kote ulimwenguni mwaka wa 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanaotembea kwa miguu, waendeshaji baiskeli na waendeshaji pikipiki. Hawa ndio ambao hawana bodi ya chuma ya kuwakinga. Maadamu mwendeshaji baiskeli hana kinga hiyo, kinga yake kubwa ni mbili tu: kuonekana mapema, na kutenda mambo ambayo dereva ameyatarajia. Karibu kila shauri utakalolisoma hapa linatokana na hayo mawili.

DEREVA HUGONGA ASICHOKIONA

Ni madereva wachache mno wanaotoka nyumbani wakiwa na nia ya kumgonga mtu. Wengi wanaomgonga mwendeshaji baiskeli hudai kwamba hawakumwona, au walimwona wakiwa wamekwisha kuchelewa. Tuchukue mfano wa gari linalokwenda kwa kilomita 50 kwa saa, kasi ambayo ndiyo kikomo cha sheria mijini hapa Kenya. Gari hilo hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akishakuona, anahitaji muda wa kufikiri na kukanyaga breki, halafu gari lenyewe linahitaji nafasi ya kusimama. Kwa jumla gari litakuwa limekula mita 25 hivi kwenye lami kavu, na zaidi ya hapo mvua ikiwa imenyesha au breki zikiwa mbovu.

Sasa mfikirie mtu aliyevaa koti jeusi, juu ya baiskeli nyeusi isiyo na taa, saa moja ya usiku. Taa za gari zikiwa zimeinamishwa, dereva humtambua mtu huyo akiwa mita 25 au 30 tu kutoka kwake. Yaani akimwona, tayari nafasi ya kusimama imekwisha. Lakini mtu huyo huyo akivaa fulana yenye mikanda inayorudisha mwanga, ataonekana akiwa zaidi ya mita 100. Dereva hubaki na muda wa kutosha wa kupunguza mwendo na kumpisha.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya mahali tulipo. Nairobi iko karibu na mstari wa ikweta, na jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo jioni mwaka mzima. Likishazama, giza huingia haraka. Mfanyakazi anayeachiliwa kazini saa kumi na mbili, akioga na kufunga mizigo yake, atasafiri gizani apende asipende. Kwa hivyo taa kwa mwendeshaji baiskeli wa Nairobi si pambo.

Anza na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Sheria yetu ya trafiki pia inataka baiskeli iwe na mwanga usiku. Ongeza riflekta nyekundu nyuma, kwa kuwa hiyo haihitaji betri na haizimiki. Riflekta za manjano kwenye pedeli ni nzuri sana, kwani hupanda na kushuka, na dereva hutambua mara moja kuwa mbele yake kuna baiskeli. Fulana ya kung'aa, kama zile wavaazo wahudumu wa bodaboda na mafundi wa ujenzi, ni bei nafuu kuliko viatu vya shule. Ukiwa umebeba begi mgongoni, hakikisha halifuniki mikanda ya fulana, wala mzigo wa nyuma haufuniki taa.

Kofia ya kukinga kichwa nayo isidharauliwe. Ni kweli haimzuii dereva kukugonga. Lakini hata kuanguka peke yako kwa sababu ya shimo kunaweza kukipiga kichwa kwenye ukingo wa barabara. Kofia hupunguza majeraha ya kichwa iwapo imevaliwa sawasawa, yaani imefunika paji la uso na kamba yake imefungwa chini ya kidevu. Kofia iliyowahi kupigwa kwa nguvu katika ajali haifai tena, hata kama kwa nje inaonekana nzima.

USIJIBANZE UKINGONI

Waendeshaji wengi, hasa wanaoanza, hudhani kuwa usalama uko kwenye ukingo kabisa wa lami. Huko ndiko kwenye mashimo, vioo vilivyovunjika, mchanga, na vifuniko vya mitaro vyenye mianya inayoweza kumeza gurudumu. Isitoshe, ukijibanza ukingoni unamwambia dereva kwamba kuna nafasi ya kukupita hata pale ambapo haipo. Atajaribu, na wewe huna pa kukimbilia ila mtaroni.

Kaa kushoto kama sheria inavyotaka, lakini acha kama mita moja kati yako na ukingo. Nafasi hiyo hukuwezesha kukwepa shimo bila kuruka ghafla mbele ya gari. Mahali ambapo barabara ni nyembamba kiasi kwamba gari haliwezi kukupita salama, sogea kidogo katikati ya njia yako kwa muda mfupi, kisha rudi kushoto nafasi ikipatikana. Na kando ya magari yaliyoegeshwa, pita ukiwa mbali kwa mita moja au zaidi. Mlango ukifunguliwa kwa ghafla, hakuna breki itakayokuokoa.

Nenda kwa mstari ulionyooka. Usiingie na kutoka katikati ya magari yaliyoegeshwa kama mtu anayecheza kibe, kwa sababu kila ukitokeza ni kama unaanza upya kuonekana. Kabla ya kuhama, tazama nyuma, nyosha mkono upande unaoelekea, tazama tena, ndipo uhame. Jizoeze kutazama nyuma ya bega bila baiskeli kuyumba. Ni ujuzi mdogo ambao unaokoa maisha ya watu wengi.

Kamwe usiende kinyume cha magari. Kuna wanaoamini kwamba ni heri kuliona gari likija kuliko kulisikia likitoka nyuma. Wamekosea. Ukienda kwa kilomita 15 kwa saa na gari linakuja kwa 50, mnakutana kwa kasi ya 65. Aidha, dereva anayetoka barabara ndogo akitaka kuingia kubwa kwa mkono wa kushoto huangalia upande magari yanakotoka, yaani kulia kwake. Wewe unamjia kutoka upande ambao hautazami kabisa.

MATATU, TRELA NA MIZUNGUKO

Kila mwendeshaji baiskeli wa jiji hili lazima aijue tabia ya matatu. Matatu husimama popote palipo na abiria, na mlango wake uko kushoto. Kwa hivyo jaribu kubwa ni kupita katikati ya matatu na ukingo wa barabara. Usithubutu. Hapo ndipo makanga anaporuka kabla gari halijasimama, na ndipo mama mwenye mtoto anaposhuka bila kutazama. Ukiona matatu mbele yako inapunguza mwendo, au makanga ananing'inia mlangoni akipiga bodi, ujue itaingia kushoto. Punguza mwendo nawe, ungoje, au ipite kwa kulia baada ya kutazama nyuma.

Lori na trela ni jambo jingine, na pengine ndilo la kuogopwa zaidi katika Eneo la Viwandani na Barabara ya Mombasa. Dereva wa lori ameketi juu, upande wa kulia. Chini kushoto mwa gari lake kuna sehemu asiyoiona hata akitazama kioo. Tena trela ikipinda kushoto, magurudumu yake ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, bali hukata kona kwa ndani. Mtu aliyesimama kando yake, kati ya trela na ukingo, hubanwa bila dereva kujua. Kwa hiyo kwenye taa za barabarani usijipenyeze kushoto mwa lori hata kama kuna nafasi. Baki nyuma yake. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni hii: ikiwa huwezi kuuona uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni.

Ole wake anayeshikilia lori ili livute baiskeli mlimani! Vijana wengi hufanya hivyo kwa mzaha. Lori likikutana na shimo au dereva akifunga breki, mzaha huwa umekwisha.

Mizunguko mikubwa kama ule wa City Stadium, ambapo Barabara ya Jogoo inakutana na zile za Landhies na Lusaka, huwashinda hata madereva wenye uzoefu. Ikiwa huna hakika, shuka. Isukume baiskeli kando ya barabara, uvuke pamoja na waendao kwa miguu, kisha upande tena ng'ambo. Utapoteza dakika tatu hivi. Kushuka si aibu, na hakuna atakayekuuliza nyumbani kwa nini ulichelewa kwa dakika tatu.

MVUA IKINYESHA

Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na ule wa vuli mwishoni mwa mwaka, huleta hatari zake. Dimbwi usiloona chini yake lichukulie kuwa ni shimo, kwani mara nyingi ndivyo lilivyo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huchanganyika na mafuta na vumbi barabarani, na lami huteleza kama sabuni.

Breki nazo hubadilika. Black Mamba na baiskeli nyingine za zamani zina rimu za chuma, na breki zake hubana rimu hizo. Rimu za chuma zikilowa, breki hushika vibaya sana kuliko kwenye rimu za alumini. Anza kubana mapema na kwa upole ili raba zipanguse maji, ndipo zishike. Tumia breki zote mbili kwa pamoja. Ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ukiifinya peke yake kwa ghafla unaweza kurushwa juu ya usukani.

Kuna pia mahali ambapo njia za reli hukatiza barabara, hasa karibu na viwanda. Reli ikilowa huteleza, na mwanya wake unaweza kulinasa gurudumu jembamba. Ivuke kwa kuikata moja kwa moja, usiipande kwa mshazari.

MKAGUE FARASI WAKO

Baiskeli mbovu haiwezi kuongozwa vizuri hata na bingwa. Kila asubuhi, kabla hujatoka, tumia dakika moja tu. Bonyeza magurudumu uone kama yana upepo. Finya breki zote mbili uisukume baiskeli mbele, isisogee. Tazama mnyororo kama umekaza na una mafuta. Piga kengele. Washa taa. Bana mguu wa suruali usije ukamezwa na mnyororo, au uuingize ndani ya soksi. Mama au dada anayevaa rinda refu au leso ahakikishe haining'inii karibu na spoku, na achague baiskeli isiyo na mtaimbo wa juu.

Kiti kiwe kwenye urefu unaofaa. Keti, uweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Kiti cha chini mno huchosha magoti, na mtu aliyechoka huyumba.

Anayenunua baiskeli ya mitumba, kama wafanyavyo wanafunzi wengi wa vyuo, asidanganywe na rangi. Aende na fundi anayemwamini, amkagulie fremu na uma wa mbele palipounganishwa. Penye ufa au palipochomelewa ovyo ndipo baiskeli itakapokatikia, na mara nyingi hukatika ukiwa mteremkoni.

JUMAPILI YA LEO INAFAA

Njia fupi si lazima iwe ndiyo njia njema. Kwa mfano, anayetoka Umoja kwenda Eneo la Viwandani ana safari ya kilomita nane au tisa hivi. Kwa mwendo wa kawaida wa kilomita 15 kwa saa atatumia kama dakika 35. Akizunguka kilomita moja zaidi kupitia barabara za ndani za mitaa, ambako magari ni machache, ataongeza dakika nne. Ni bei ndogo ya kuepuka malori.

Jumapili, magari yakiwa machache, ndiyo siku bora ya kuitafuta njia hiyo. Toka pamoja na ndugu au rafiki aliye na uzoefu. Angalieni mashimo yako wapi, kona mbaya ni zipi, na mahali pa kushukia ni wapi. Irudieni mara mbili. Jumatatu barabara haitakuwa ngeni tena.

Mahali palipotengewa baiskeli patumiwe. Barabara Kuu ya Thika, iliyozinduliwa rasmi mwaka wa 2012, ilijengewa njia za kando za waendao kwa miguu na kwa baiskeli, pamoja na madaraja ya kuvukia. Ni kweli katika baadhi ya sehemu wachuuzi na bodaboda huzivamia, lakini hata hivyo ni heri kupiga kengele kuliko kuingia katika magari yaendayo kasi. Ile barabara ya juu ya kulipia iliyoanza kutumika mwaka wa 2022, kutoka Mlolongo hadi Westlands, hairuhusu baiskeli kabisa.

MZIGO SI WA MTU MMOJA

Tusimtwike mwendeshaji lawama zote. Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitoa mwaka wa 2015 sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Anayepita leo kwenye barabara nyingi za Eastlands anaweza kujionea mwenyewe kazi iliyobaki. Wananchi wana haki ya kuuliza kuhusu ahadi hiyo katika mikutano ya bajeti ya kaunti.

Waajiri nao wanaweza kusaidia bila gharama kubwa. Kibanda chenye mlinzi ambapo baiskeli zitafungwa kwa kufuli, na bafu moja la kuoga, vitamfanya mfanyakazi afike mapema akiwa mkakamavu. Naye dereva mwenye gari lake akumbuke kuacha mita moja na nusu anapompita mtu wa baiskeli, na asipige honi nyuma yake kwa karibu, kwa kuwa mshtuko pekee unaweza kumwangusha.

Mwisho ni jamaa walioko nyumbani. Kabla ya kununua redio mpya au simu nyingine, nunueni taa na fulana ya baba. Mkubaliane njia anayoipitia, ili akichelewa mjue pa kuulizia. Aweke mfukoni kitambulisho na karatasi yenye nambari ya simu ya nyumbani. Visikizio vya muziki vibaki mezani, kwa sababu masikio ndiyo macho ya nyuma. Watoto nao wapewe kazi ya kuikagua taa kila jioni kama imejazwa moto. Mtoto akiwa na wajibu huo, taa ya baba haitasahauliwa.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Anayeondoka kesho asubuhi akiwa anaonekana, akiwa amenyooka njiani mwake, na breki zake zikishika, ameshafanya sehemu yake. Safari njema.